Gari Letu la Kwanza Lilikuwa la Sentimeta 44

Nilidhani mume wangu ana mwanamke mwingine pale Mbinga. Kumbe alikuwa na Land Rover ya makopo ya soda.

Niliikuta kwenye mfuko wa koti lake nilipokuwa natenga nguo za kufua siku ya Jumamosi. Chupa ndogo ya rangi ya kucha, nyekundu ya kung'aa, imetumika nusu. Haikuwa yangu. Mimi mara ya mwisho kupaka rangi ya kucha ilikuwa kwenye kicheni pati ya wifi yangu, tena ilikuwa ya pinki.

Mpenzi msomaji, nikwambie ukweli, miguu iliniisha nguvu. Kwa wiki tatu mfululizo mwanaume alikuwa akirudi saa tatu usiku. Nikimuuliza, anasema alikuwa kwa fundi seremala. Fundi seremala gani wa kila siku? Kitanda tunacho, kabati tunalo. Halafu wiki hiyohiyo niliangalia akaunti yetu ya pamoja, ile tunayoweka akiba ya kununua gari, nikakuta imepungua shilingi 185,000. Chupa ya rangi ya kucha, kuchelewa na pesa kupungua. Ukiwa mke wa mtu, hesabu hiyo haihitaji kikokotoo.

Sikupiga kelele. Jioni yake nilijitanda kanga, nikamfuata.

Nilimkuta kweli kwa seremala, kwenye kibanda cha nyuma chenye balbu moja. Amekaa kwenye stuli, kainama, ameshika kijiti cha kibiriti kilichochovywa rangi nyekundu. Mbele yake kulikuwa na gari. Land Rover ya zamani, ile ndefu, ya kijani, ina milango, ina bampa, ina turubai nyuma. Urefu wake kama mkono wangu kutoka kiwiko mpaka ncha za vidole. Yeye alikuwa anapaka taa za nyuma.

Akageuka, akaniona. Kimya kikapita. Halafu akasema, "Mama, usiguse, haijakauka."

Usiku wa hesabu

Najua unategemea niseme nilicheka tukakumbatiana. Hapana, shoga yangu. Nililia kwa hasira. Kama angekuwa na mwanamke ningejua la kufanya, maana ushauri wa hayo mambo umejaa kila mahali. Ila hakuna aliyewahi kunifundisha nimfanyeje mwanaume wa miaka 34, mwalimu wa hesabu wa sekondari, anayechukua akiba ya gari la kweli kununulia gari la kuchezea.

Usiku ule tulikaa mezani mpaka saa saba. Akaniandikia kila kitu kwenye karatasi: shilingi 120,000 za boksi la modeli ya plastiki aliloagiza kutoka nje, pamoja na gharama za kulisafirisha. Shilingi 65,000 za koleo ndogo, tupa, mkasi wa bati, rangi za kupuliza na gundi. Jumla 185,000. Na lile boksi lenyewe, kitu na boksi kama wanavyosema, lilikuwa limefunguliwa na kuachwa, kwa sababu lilikuwa la gari la michezo na yeye moyo wake haukuwa huko.

"Ulikuwa wapi sasa moyo wako?" nikamuuliza.

Ndipo akaniambia habari za baba yake.

Baba mkwe wangu alikuwa dereva. Miaka mingi aliendesha Land Rover kati ya mwambao wa Ziwa Nyasa na Mbinga, enzi ambazo barabara ile ilikuwa ya udongo na kona zake zilikuwa zinakula magari. Alibeba wagonjwa, wajawazito, maiti, mabomba ya maji, magunia ya kahawa. Mume wangu amekulia Mbamba Bay akimsubiri kwenye kona ya mwisho. Mzee alitaka mwanawe naye ashike usukani, mwanawe akachagua chaki, na toka hapo wakawa watu wa salamu tu. Shikamoo, marahaba, basi. Halafu mzee akapata kiharusi. Upande wa kulia ukalegea, maneno yakamkimbia.

"Sasa hivi hata tukitaka kuongea, hawezi," mume wangu akasema. "Nimeona nimtengenezee gari lake."

Nilinyamaza. Lakini nisiwe mnafiki, hasira ya pesa haikuisha usiku ule.

Kutoka gari la waya mpaka skeli

Watu wengi wakisikia mtu mzima anaunda magari madogo wanasema amerudi utotoni. Lakini ni nani kati yetu hakuwahi kuwa na gari la waya? Kule Mbinga watoto walitengeneza kwa waya wa uzio, mianzi na mabua, matairi yanakatwa kwenye ndala zilizochoka. Fimbo ndefu inatoka kwenye magurudumu ya mbele mpaka mkononi, juu yake kuna usukani wa duara, unakimbia nalo huku unakata kona. Ng'ambo ya ziwa, upande wa Malawi, nao wana lao, wanaliita galimoto, jina lilelile la gari kwa Kichewa. Mwaka 1990 mwandishi Karen Lynn Williams alitoa kitabu cha watoto chenye jina hilo, kinachomhusu mtoto wa Malawi anayehangaika kijijini kutafuta waya za kuundia gari lake.

Tofauti ya gari la waya na modeli ni neno moja: skeli. Gari la waya linataka kufanana na gari. Modeli inataka kuwa gari lenyewe, ila dogo, na kila kipimo kigawanywe kwa namba ileile. Wenzetu wa nje wana namba zao walizozizoea. 1:43 ilitokana na treni za kuchezea za Uingereza, na ndiyo skeli iliyotumiwa na magari mengi ya Dinky Toys, jina lililoanza kutumika mwaka 1934. 1:64 ni ya vigari vya kiganjani. 1:24 na 1:25 ndizo za maboksi ya kuunganisha mwenyewe, kama yale ya Tamiya, kampuni ya mji wa Shizuoka, Japani, mji ambao kila mwaka una maonesho makubwa ya modeli.

Kuna kisa kimoja cha vigari hivi ninachokipenda. Inaelezwa kwamba Jack Odell, fundi wa Kiingereza, alikuwa na binti ambaye shuleni waliruhusiwa kwenda na kitu cha kuchezea iwapo tu kinaenea kwenye boksi la kiberiti. Baba akamtengenezea kitinga kidogo cha kushindilia barabara. Wenzake darasani wakakitaka wote, na mwaka 1953 yakazaliwa magari ya Matchbox. Unaona? Hata huko mambo yalianza na baba na mtoto.

Kopo la soda, ndala na rangi ya kucha

Baada ya wiki mbili za kununiana nilianza kwenda naye kibandani. Mwanzoni nilikwenda kulinda, nisikuletee uongo. Baadaye nikawa nashika tochi.

Mume wangu alichagua skeli ya 1:10 kwa sababu kugawa kwa kumi ni rahisi, na vifaa vinapatikana mtaani. Land Rover ya wheelbesi ya inchi 109, yaani umbali kutoka ekseli ya mbele mpaka ya nyuma, ina urefu wa kama mita 4.45 na upana wa mita 1.69. Gawa kwa kumi: sentimeta 44 na nusu kwa 17. Tairi lake lina kimo cha kama sentimeta 80, kwa hiyo la modeli ni sentimeta nane. Anagundisha soli mbili za ndala kupata unene, anakata duara, kisha anachonga meno moja moja kwa wembe. Tairi moja ni kazi ya jioni nzima. Na matairi ni matano, ukihesabu la akiba. Mbele ya safari utaona kwa nini nimelitaja.

Chesisi ni ya mbao, ekseli ni za chuma cha mwavuli uliovunjika, spring ni vipande vya bati vilivyopangwa kama zile halisi. Vioo ni plastiki ya chupa ya maji. Bodi ni makopo ya soda yaliyokatwa, yakanyooshwa kwa kijiko, yakagundishwa juu ya plaiwudi nyembamba. Hapo kuna jambo lililonifurahisha: Land Rover ilipoanza kutengenezwa mwaka 1948 bodi yake ilikuwa ya aluminiamu, kwa sababu baada ya vita chuma kilikuwa adimu Uingereza. Na kopo la soda ni aluminiamu. Kwa hiyo gari la mume wangu lina bodi ya madini yaleyale ya gari la baba yake.

Na ile rangi ya kucha? Hakuna rangi ya gari inayouzwa kwa kiasi kidogo vile, ikang'aa vile, ikakauka haraka vile. Alinunua dukani na kuificha mfukoni kwa aibu ya kuonekana mwanaume ananunua rangi ya kucha. Aibu yake hiyo nusura ivunje nyumba.

Cha mwisho ni vumbi. Modeli ikiwa safi sana inaonekana kidoli, kwa hiyo mafundi wa kazi hii huizeesha: kutu kidogo hapa, tope pale. Mume wangu alichota udongo mwekundu wa Mbinga, akauanika, akauchekecha kwenye soksi yangu ndefu ya nailoni (hakuomba ruhusa, hilo nalo tuliliongea), kisha akaupaka kwa brashi chini ya milango na nyuma ya matairi. Kazi ya jioni mbili. Alipomaliza, naapa gari lilionekana limetoka safari.

Mbamba Bay, na tairi la akiba

Tulishuka ziwani likizo ya mwezi wa sita. Gari la kweli hatuna, si unajua tena, tulipanda basi, na Land Rover ilikaa kwenye katoni mapajani mwangu. Barabara ya Mbinga hadi Mbamba Bay, kama kilometa 66, sasa ni lami, lakini kona bado zipo na mteremko bado upo. Unatoka kwenye baridi ya milima ya Umatengo, kwenye kahawa na mashamba ya ngoro, masikio yanaziba, koti linavuliwa, halafu ghafla ziwa linatokea chini yako, bluu mpaka upeo wa macho. Konda aliinua kifuniko cha katoni mara tatu. Mara ya tatu alimwita dereva aje aone tuliposimama.

Baba mkwe alikuwa amekaa barazani chini ya mwembe, blanketi magotini japo joto lilikuwa kali. Tukaamkia. Mama mkwe akaleta maji. Mume wangu akaweka katoni mezani, mikono inamtetemeka kama mtoto anayepeleka ripoti mbaya.

Mzee aliliangalia gari muda mrefu. Akalizungushia macho. Akanyoosha mkono wa kushoto, akalisukuma kidogo, likasogea, akalirudisha. Halafu uso wake ukakunja ndita. Akagonga boneti kwa kidole. Akatikisa kichwa. Akagonga tena.

Mume wangu alikuwa ameweka tairi la akiba juu ya boneti, kama lilivyo kwenye picha nyingi za magari yale.

"Vipi, baba? Siyo rangi hii?"

Mzee akatikisa kichwa kwa nguvu. Midomo ikahangaika. Mama mkwe akataka kumsaidia, mzee akamzuia kwa mkono. Ilichukua muda, nikawa natazama chini kwa sababu nilishindwa kumtazama. Halafu likatoka neno, zito lakini linasikika:

"Nyuma."

Mama mkwe akacheka huku anajifuta macho kwa kanga. "Kweli, lilikuwa nyuma! Hakutaka liwe mbele, alisema linamzibia njia kwenye milima."

Mume wangu hakujibu. Aliomba wembe. Palepale mezani akalikata tairi kutoka kwenye boneti, rangi ikabanduka, akalihamishia nyuma chini ya turubai. Mzee akaangalia. Akaitikia kwa kichwa mara moja, kama bosi anayepokea gari kutoka gereji. Mchana tulikula ugali wa muhogo na samaki aina ya mbasa, na baba na mwana walikaa upande mmoja wa meza. Hawakuongea. Lakini kimya kile nilikijua, hakikuwa kile cha miaka yote.

Magari 23 uwanjani

Tuliporudi Mbinga, mume wangu aliomba ruhusa ya mkuu wake wa shule, Jumamosi moja wakafanya maonesho. Kila mwanafunzi alete gari aliloliunda mwenyewe. Tulitarajia magari kumi, yakaja 23. Mimi niliwekwa mezani kuandikisha. Ya waya yalikuwa fungu lake, ya mbao lake, ya makopo na maboksi lake. Kulikuwa na basi la katoni lenye taa zinazowaka kwa betri za redio na muziki ndani yake.

Mume wangu alifuata mambo wanayoyaangalia waamuzi wa modeli huko duniani, ambako kuna vyama vya kazi hii, kama kile cha waunda modeli za plastiki kilichoanzishwa Uingereza mwaka 1963. Je, vipimo vinalingana? Magurudumu yote manne yanagusa meza? Maungio ni masafi? Rangi imekaa vizuri bila michirizi? Na la mwisho, swali alilolibuni yeye: gari hili ni la nani, na linabeba nini?

Alishinda binti wa kidato cha pili aliyeleta Fuso ya waya. Usukani wake unakata kona kweli, na nyuma kuna vigunia vya kahawa vilivyoshonwa kwa vitambaa, saizi ya kidole gumba. Alipoulizwa linabeba nini, alisema ni kahawa ya bibi yake, na alikuwa amehesabu magunia. Uwanja ulilipuka.

Land Rover yetu ilikuwepo pembeni, nje ya mashindano. Kijana mmoja akaona kovu la gundi kwenye boneti, akamwambia mwalimu wake kwamba hapo angekatwa maksi. "Ni kweli," mume wangu akajibu. Hajaliziba mpaka leo.

Ukiishi na mtu mwenye hobi

Nimejifunza mambo kadhaa, nayaacha hapa kwa wenzangu, wake kwa waume. Maana leo ni magari, kesho ni mpira, kamera, kwaya au bustani.

• Hobi ya siri ina gharama mara mbili. Unalipa pesa, halafu unalipa kuaminiwa. Mume wangu angeniambia tangu mwanzo ningenuna siku mbili. Alivyoficha, nilinuna wiki mbili na kumfuata usiku kama mpelelezi.

• Wekeni fungu la kila mtu. Sisi tulikubaliana shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila mmoja, haziulizwi. Zake ni za gundi, zangu ni za saluni. Akiba ya pamoja haiguswi bila saini mbili. Ile 185,000 aliirudisha 18,500 kila mwezi, miezi kumi kamili.

• Wekeni na saa. Kibandani ni Jumanne na Alhamisi, mwisho saa mbili usiku.

• Usiolewe na hobi, ila itembelee. Si lazima uipende. Mimi mpaka leo sijui kukata bati. Lakini kwenda kushika tochi kulinionesha mwanaume ambaye sebuleni sikuwahi kukutana naye.

• Uliza ni ya nini kabla hujauliza ni bei gani. Mimi nilianza na bei. Sijutii, pesa ni zetu wote. Ila lile swali la pili ndilo lililotufungulia mlango.

Vumbi

Krismasi tuliipeleka Land Rover Mbamba Bay ikakae moja kwa moja. Iliwekwa kwenye kabati sebuleni, karibu na redio. Wajukuu wakiruhusiwa wanaisukuma sakafuni mpaka kwa babu, naye anairudisha kwa mkono wa kulia, ule uliolegea, taratibu.

Wiki moja baadaye mama mkwe akapiga simu. Alianza kwa mbali, akasalimia wote, akauliza mvua. Halafu akasema kuna kitu inabidi aseme: mzee hakutulia tangu tumeondoka. Kila akilitazama gari ananung'unika, anaonesha kitambaa. Hatimaye wakamwelewa. Wakaleta beseni na sabuni. Aliliosha mwenyewe kwa mkono mmoja, milango, matairi, chini ya bampa, mpaka vumbi lote likatoka, wakalianika barazani.

"Gari lake halijawahi kulala chafu," mama mkwe akasema. "Mwambie mwenzio asikasirike."

Nikamgeukia mume wangu, ambaye alikuwa amesikia kila neno. Jioni mbili za kazi, soksi yangu ya nailoni, na udongo wa Mbinga, vyote vimeingia kwenye beseni. Alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akachukua simu mkononi mwangu, akaomba apewe mzee.

Sasa hivi anaongelea kuunda meli, ile Hermann von Wissmann ya Wajerumani iliyoshambuliwa na Waingereza pale Liuli tarehe 13 Agosti 1914. Nimemuuliza itakuwa na urefu gani. Amesema bado anagawanya. Akiba ya gari la kweli inaendelea, na ile chupa ya rangi ya kucha sasa inakaa kwenye meza yangu ya kujipambia. Akiihitaji, anaomba.